Watano Wakielea, Umwambie Nani?

Samaki watano wakielea asubuhi, mfugaji wa vizimba hashtuki. Huwaopoa kwa wavu wa mkono, akawahesabu, akaandika kwenye daftari ikiwa daftari lipo, kisha akamwaga chakula na siku ikaendelea. Wakifika kumi, anamtazama mwenzake. Wakifika hamsini, anatazama kushoto na kulia kabla ya kuwaopoa, maana kizimba cha jirani kimefungwa nanga hatua chache tu kutoka chake, na jirani naye ana macho.

Ubishi wa makala hii umekaa hapo, kati ya watano na hamsini. Ukigundua kwamba samaki wako wanakufa, unamwambia nani, na unamwambia lini?

Kwa Bondo, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, swali lenyewe bado ni geni. Mvuvi wa mbuta, yaani sangara, hakuwahi kuulizwa habari za afya ya samaki wake, aliulizwa kilo. Samaki akiugua huko ziwani humezwa na mkubwa wake au huchukuliwa na ndege, na msiba wake unaishia hapo. Vizimba vimeleta mambo mengine. Mwaka 2005 kampuni ya Dominion Farms, ile iliyokuwa ikilima mpunga kwenye kinamasi cha Yala, ilikuwa miongoni mwa waliojaribu mapema kufuga samaki vizimbani upande huu wa ziwa. Baada ya 2012 wakaingia vyama vya akina mama, vijana, wafanyabiashara wa mjini na walimu wastaafu. Kufikia 2019, vizimba vilivyohesabiwa katika maji ya Kenya vilikuwa vimepita 4,000, na Kaunti ya Siaya ndiyo iliyobeba fungu kubwa. Ukisimama Anyanga, kwenye ghuba ya Kadimo, unaviona vimepangwa kama vibanda vya soko: fremu za chuma, madramu ya plastiki ya kuvifanya vielee, nyavu juu za kuzuia mnandi na ndege wengine wasijihudumie.

Samaki aliye humo hana pa kukimbilia. Na kila anachokitema, maji yanampelekea jirani.

Basi na tuwaketishe watu watano chini ya paa la mabati ufuoni Usenge, jua likiwa limeanza kuuma na mzani umeshaning'inizwa. Si watu fulani wenye majina. Ni sauti ambazo yeyote aliyekaa ufuoni saa moja atazitambua. Yupo mama mwenye vizimba sita, yeye na chama chake. Yupo mzee wa BMU, kamati ya ufuo, ambaye wote wanamwita Jaduong'. Yupo daktari wa mifugo, kijana bado, aliyesomea ng'ombe na akaletewa samaki. Yupo mhadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, pale Bondo mjini. Na yupo mchuuzi, beseni miguuni, barafu inayeyuka, kwa hiyo anataka waseme upesi.

"Nikitangaza leo kwamba wamekufa," mama wa vizimba anaanza, "kesho nani atanunua walio hai?"

Mchuuzi anajibu kabla mwingine hajafungua mdomo: si yeye. Hata sasa wateja wake sokoni Bondo humuuliza kama ngege hawa, yaani tilapia, ni wa ziwa au wa vizimba, na wapo wanaosikia "vizimba" wakasukuma beseni kando, eti hao wamelishwa dawa. "Neno moja tu la ugonjwa, Daktari, nami nimekula hasara ya kitu ambacho hata sikukifuga."

Daktari anasema kwamba virusi vinavyoua ngege havimdhuru mla ngege. Ni kweli, na ameisema vizuri. Mchuuzi anamuuliza kama atakuja kukaa naye sokoni kuanzia asubuhi hadi jioni akimweleza hivyo kila anayepita.

Hofu yao ina historia. Jaduong' anawakumbusha miaka ya 1997 hadi 2000, Umoja wa Ulaya ulipoufunga mlango wake zaidi ya mara moja kwa samaki wa Ziwa Victoria: mara ni Salmonella, mara ni kipindupindu, mara ni watu waliovua kwa sumu. Viwanda vya minofu vilipofunga milango, bei ya mbuta ufuoni ilianguka kwa wote, aliyetia sumu na ambaye hakuwahi kuigusa. Mzee hasimulii hayo kwa uchungu. Anayasimulia kama mtu anayeonyesha kovu.

Kisha anageuka upande wa pili, na hapo ndipo mjadala unapoanza kuwa mtamu.

"Lakini kuku je? Kuku wakianza kusinzia bomani, nani huripoti?" Hakuna anayejibu. "Tunachinja wale wanaosimama bado. Wengine tunawafunga miguu tunawapeleka sokoni kabla hawajaanza kusinzia nao. Anayenunua anafika navyo kwake, kideri na kuku wake. Wiki ya pili kijiji kizima hakina jogoo wa kuwika. Mnataka kufanya hivyo ziwani?"

Mama wa vizimba hapingi. Anasema tu kwamba aliyeuza kuku mapema alipata angalau pesa ya unga, na aliyengoja kuripoti hakupata kitu. Mwandishi wa makala hii anaona hesabu hiyo haina kosa. Mtu anayenyamaza kuhusu samaki wake wanaokufa si mjinga wala si mwovu. Amepiga hesabu ya nani ataibeba hasara ikitangazwa, akakuta jibu ni yeye peke yake.

Daktari anaomba warudi nyuma kidogo. Kabla ya kubishana nani aambiwe, anasema, mtu ajue kwanza anachokwenda kusema. Ufuoni vifo vyote vinaitwa "ugonjwa", na vingi si ugonjwa.

Novemba 2022, upande wa Kisumu, wafugaji waliamka wakakuta vizimba vimejaa mizoga. Uvumi ulikimbia kuliko mashua: sumu, kiwanda, maadui. Watafiti wa KMFRI, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, walielekeza kidole kwenye oksijeni. Ziwa hugeuka. Upepo na mvua vikilivuruga, maji ya chini yaliyokaa bila hewa hupanda juu, na samaki aliye huru huyakwepa. Aliye kizimbani huyavuta hadi anakufa. Mwanzoni mwa 2021 mbuta wakubwa walielea kwa wingi kwenye fuo za Uganda, nako serikali ikataja upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Wale hawakuwa kwenye kizimba cha mtu, na bado watu walitafuta mchawi.

"Sasa utajuaje?" anauliza mama.

Daktari anachuchumaa na kuchora mchangani kwa ufunguo wa pikipiki. Oksijeni ikikosekana, anasema, msiba unakuja kwa usiku mmoja. Alfajiri unawakuta juu, midomo wazi, wanagugumia hewa, kabla hata ya mwanga. Wakubwa wanatangulia kwa sababu miili yao inadai zaidi. Vizimba vyote vya eneo vinaguswa, na ukitazama nje ya wavu unaona mbuta na fulu nao wanaelea. Jua likipanda na mwani ukaanza kutengeneza hewa, waliobaki wanatulia.

Ugonjwa hauna haraka hiyo. Leo saba, kesho kumi na wawili, keshokutwa ishirini na watano. Unaanza kwenye kizimba kimoja, mara nyingi kile kilichopokea vifaranga karibuni. Dalili ya kwanza iko kwenye chakula, siku kadhaa kabla ya mizoga: punje ulizomwaga zinabaki zikielea wakati zamani zilikwisha kwa dakika chache. Halafu wachache wanajitenga, weusi kuliko wenzao, wanakaa pembeni mwa wavu. Jicho limetoka nje au limefunikwa ukungu. Mmoja anazunguka kama pia, hajui juu wala chini. Huyo mara nyingi ana bakteria wa jamii ya Streptococcus waliompanda ubongoni, na hao hupenda maji yakiwa na joto. Mwingine ana vidonda, mapezi yameliwa. Ukimgeuza ukafunua shavu, matamvua yaliyotakiwa kuwa mekundu yamepauka kama nyama iliyooshwa.

"Na kama ni kizimba kimoja tu," anasema mama, "tuseme thelathini na wawili asubuhi ya leo, kizimba namba nne, na vingine vyote vizima?"

Daktari anaacha kuchora. Mchuuzi anamtazama mama, kisha anatazama beseni lake, kana kwamba anakumbuka samaki wale aliwanunua kwa nani. Jaduong' anajikohoza.

"Tuseme," mama anarudia.

Mhadhiri ndiye anayeuvunja ukimya huo, kwa kulileta jambo ambalo wengi ufuoni hawalipendi. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ngege wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania, wa kufugwa na wa porini. Walikuta chembe za virusi vinavyoitwa kwa kifupi TiLV, yaani virusi vya ziwa vya tilapia. Virusi hivyo vilielezwa mara ya kwanza mwaka 2014 huko Israeli, baada ya samaki wa Bahari ya Galilaya kupungua, na mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilitoa tahadhari kwa dunia nzima. Havina dawa. Hupenda kuwaua vifaranga katika mwezi wa kwanza baada ya kuhamishwa. Samaki wale wa Ziwa Victoria waliokutwa navyo hawakuonekana wagonjwa.

"Kwa hiyo si tatizo," anasema mama.

"Kwa hiyo hatujui lini litakuwa tatizo," anasema Daktari. Maji yakichafuka, samaki wakibanana, oksijeni ikishuka, kile kilicholala kinaweza kuamka.

Ghana waliona. Mwishoni mwa 2018, virusi vya aina nyingine, vinavyojulikana kama ISKNV, viliingia kwenye vizimba vya Ziwa Volta, na mashamba yakawa yanatoa mizoga kwa tani, siku baada ya siku. Ziwa Volta lilikuwa limeitangulia Kenya kwa vizimba. Baadhi ya wakubwa wa biashara hii Afrika walikuwa kule. Wafugaji walihangaika na mbinu zote, kuanzia kuwapitisha vifaranga kwenye maji ya joto hadi kutafuta chanjo. Wengine waliamua kupandikiza vifaranga wengi zaidi ili waliobaki watoshe kuuza, yaani walihesabu kifo ndani ya bajeti. Mhadhiri anasema hivyo akitikisa kichwa. Mama hatikisi. Yeye anaona ni ujanja wa mtu aliyebanwa.

Mjadala unafika kwa kamba kupitia mlango ambao haukutarajiwa.

Bondo ukisema kamba wa majini, watu wanafikiria ochong'a, wale wadogo wasiozidi kipande cha kucha, wanaokokotwa usiku kwenye taa pamoja na omena. Hakuna awafugaye, wanaanikwa na kusagwa kuwa chakula cha kuku na cha samaki. Ochong'a ni mwenyeji hodari: mbuta walipowamaliza fulu katika miaka ya 1980, yeye aliongezeka, na huvumilia maji yenye hewa kidogo kuliko samaki wengi. Mama anachanganya ochong'a kwenye chakula anachojitengenezea, kwa sababu chakula cha dukani kinakula zaidi ya nusu ya gharama zake. Daktari anamuuliza kama huwakausha vizuri. Mama anasema kama jua lipo.

"Hapo ndipo wafuga kamba wa baharini walipoumia," mhadhiri anaingilia, na macho yake yanang'aa kama ya mtu aliyepewa nafasi ya kusimulia anachokipenda.

Kamba wakubwa wa pwani hufugwa katika mabwawa ya maji ya chumvi, na hakuna mifugo ya majini iliyowahi kuchapwa na maradhi kama wao. Mwaka 1992 mashariki mwa Asia kulizuka ugonjwa wa madoa meupe, virusi vinavyoweza kulimaliza bwawa zima kati ya siku 3 na 10. Ukapita Asia yote, ukavuka bahari, na mwaka 1999 ukaiangusha sekta ya kamba ya Ekuador. Mwaka 2011 ukafika Msumbiji, kwenye mashamba ya karibu na Quelimane. Mwaka uliofuata ukawa Madagaska. Kenya iliponea kwa sababu haikuwa na mashamba makubwa ya kuambukizwa: mradi wa kamba wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa FAO, haukudumu.

Waliosalia katika biashara hiyo walijifunza kwa kutiwa adabu. Mbegu haiingii bwawani mpaka ipimwe maabara. Chakula kibichi kutoka majini kinaogopwa, kwa maana kinaweza kubeba virusi vilevile. Nyuzi za plastiki hutandazwa juu ya mabwawa ili ndege asidondoshe mzoga aliouokota kwa jirani. Uzio mfupi huzungushwa kuzuia kaa, kwa kuwa kaa hubeba virusi hivyo bila yeye kuugua sana. Na kila baada ya mavuno, bwawa hukaushwa hadi udongo upasuke, likatiwa chokaa, likangojewa.

Jaduong' amesikiliza yote kwa makini. "Mwalimu," anasema, "ziwa tutalikausha vipi?"

Wanacheka, lakini mzee ametaja kiini cha jambo. Mfuga kamba ana lango, anaweza kulifunga. Mwenye bwawa la samaki pia analo: yale mabwawa ya mpango wa serikali wa 2009, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, yalikuwa na ukingo na mfereji, na mengi yaliyokufa yalikufa kwa kukosa maji na chakula kabla ya kukosa afya. Kizimba hakina lango. Wavu unazuia samaki, basi. Kwa hiyo kila mbinu iliyowaokoa wafuga kamba mwanzoni inafika Usenge imekatwa nusu. Iliyobaki nzima ni moja: vifaranga.

Juu ya vifaranga, kwa mara ya kwanza, wote watano wanasikilizana. Ugonjwa mwingi hupanda mashua. Huja na vifaranga walionunuliwa ambako ni rahisi, wakachanganywa wa vituo viwili kwenye ndoo moja, wakafika usiku wakamwagwa. Daktari anataka karatasi ya afya kutoka kituo cha kutotolea, na anataka wageni wakae wiki mbili katika kizimba chao, kilichotengwa upande ambao mkondo hautokei, wakihudumiwa mwisho baada ya wengine wote, kwa wavu wa mkono ambao hautumiki kwingine. Mama anakubali, isipokuwa hilo la mwisho. Ana wavu mmoja wa mkono. Anamwazima pia jirani.

"Uanike juani," anasema Daktari. "Siku nzima, kabla ya kumwazima."

Ni ushauri mdogo usiogharimu kitu, na pengine ndio bora zaidi uliotolewa asubuhi ile.

Dawa zinaleta kelele. Mama anasimulia, bado kwa "tuseme", kwamba mtu anaweza kuchukua oksitetrasaiklini ya duka la mifugo, ile ya ng'ombe, akaikoroga na mafuta kwenye chakula. Daktari anapandisha sauti. Samaki aliyeacha kula hatakula dawa. Watakaoila ni wazima. Iliyobaki inazama ziwani, palepale ambapo wanawake wanateka maji. Kama ni virusi, havisikii dawa ya bakteria hata kidogo. Na kama ni bakteria kweli, umewafundisha kuizoea. Norwei walikuwa wakiwamwagia samoni karibu tani 50 za dawa za aina hiyo mwaka 1987; walipopata chanjo na kupanga upya mashamba yao, miaka michache baadaye walikuwa wanatumia chini ya tani 2, na samaki wao walikuwa wameongezeka.

"Basi tuletee chanjo," anasema mama.

Daktari anatazama ufunguo wake wa pikipiki. Samoni alipigwa sindano mmoja mmoja kwa mkono, kisha mashine zikachukua kazi hiyo, kwa kuwa bei yake inabeba gharama. Ngege wa robo kilo anayeuzwa Bondo habebi. Hili mwandishi anaona afadhali lisemwe wazi kuliko kupambwa: nusu ya ushauri unaotolewa kwenye semina za hotelini umetoka kwa samaki wa bei nyingine.

Kilichobaki hakihitaji sindano, ila ndicho kigumu kuliko vyote. Mhadhiri anakieleza kwa kisa cha Chile. Mwaka 2007 virusi vya samoni viliingia katika maji ya kusini ya nchi hiyo, mashamba yakiwa yamebanana, kila kampuni ikipandikiza na kuvuna kwa ratiba yake. Uzalishaji wa samoni wa Atlantiki uliporomoka kwa zaidi ya nusu. Walichofanya baadaye ni kuigawa bahari katika mitaa, na wakaiita hivyo hasa, mitaa. Wafugaji wa mtaa mmoja wanapandikiza kipindi kimoja, wanavuna kipindi kimoja, kisha mtaa mzima unatoa nyavu majini na kukaa miezi mitatu bila samaki. Virusi vikikosa mwili wa kukaa, vinaisha. Jirani mmoja akikaidi, kupumzika kwa wengine ni bure.

"Miezi mitatu bila kuuza," mama anasema polepole. "Na mkopo wa chama?"

Mhadhiri hana jibu. Jibu linatoka kwa Jaduong', na halitoki chuoni.

Kila mwaka, anasema, kuanzia Aprili hadi Julai, omena hufungwa upande wa Kenya ili wazaane. Hakuna anayeipenda miezi hiyo. Wake wa wavuvi hukopa unga. Wapo waliokwenda usiku, wakakamatwa, nyavu zikachomwa, wakaenda tena. "Lakini watu wa hapa wanajua maana ya kufunga pamoja. Hamtufundishi kitu kipya, Mwalimu. Ulizeni tu kilichotushinda." Kilichowashinda, anasema, ni majirani ambao hawakufunga siku zilezile. Omena hawana pasipoti.

Hata virusi havina. Kenya inamiliki asilimia 6 tu ya ziwa. Tanzania ina 51 na Uganda 43. Lipo Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, lililozaliwa na mkataba wa 1994, na miongoni mwa kazi zake ni kuzipatanisha nchi tatu juu ya maji haya. Daktari angependa lishughulikie uhamishaji wa vifaranga kama linavyoshughulikia ukubwa wa macho ya nyavu. Hapa nyumbani kuna mvutano wake pia: Katiba ya 2010 iliupeleka uvuvi kaunti huku sera zikibaki kwa serikali ya taifa, na samaki mgonjwa amekaa katikati ya idara ya mifugo na idara ya uvuvi, kila moja ikidhani ni mgeni wa mwenzake.

Mchuuzi anasimama. Barafu imebaki maji. Ameyasikia ya Chile, anasema, ameyasikia ya Jinja, lakini swali lilikuwa jepesi: mtu ana samaki thelathini na wawili wamekufa leo asubuhi. Afanye nini kabla ya saa sita?

Daktari anahesabu kwa vidole. Mizoga isitupwe ziwani. Izikwe mbali na maji, na chokaa juu, hata kama mbwa wa ufuo watanuna. Chakula kipunguzwe katika kizimba kile, na kizimba chenyewe kisiguswe mpaka vingine vimehudumiwa. Asihamishwe samaki hata mmoja kutoka humo, asiuzwe hata mmoja. Hapo mama anavuta pumzi. Kisha wapelekwe samaki maabara Kisumu, na si hao waliokwisha kuelea, maana mzoga wa tangu usiku una bakteria wa kuoza na hauelezi kitu. Wanatakiwa watano au sita walio hai bado ila wagonjwa: weusi, wa pembeni, wale wanaozunguka. Wafungwe kila mmoja katika mfuko wake, walazwe kwenye barafu bila kugandishwa, wafike leo hii. Kisumu ni zaidi ya kilomita 60.

"Barafu ya nani?" anauliza mama. Si mzaha. Na nauli, na ada ya maabara, na siku tatu au wiki za kungoja majibu huku kizimba kimefungwa.

Jaduong' anasema BMU hukusanya kitu kidogo kwa kila mashua inayopakua, na vizimba vinatumia ufuo uleule. Kama kamati ingeweka akiba kwa sanduku moja la barafu na nauli moja kwa mwezi, anayeripoti wa kwanza asingelipa. Mwenye kuficha ndiye angelipa, akijulikana. Mama anamuuliza kama kamati itakubali. Mzee anasema kamati ni yeye na wengine kumi na wanne, na watatu kati yao wana vizimba.

Mchuuzi ameinama. Anachota barafu iliyosalia chini ya samaki wake, vipande vya ukubwa wa ngumi, na kuitia ndani ya sanduku la plastiki la Daktari bila kuulizwa.

Mashua inasukumwa majini, mama mbele, Daktari amekunja suruali. Wanarudi baada ya nusu saa na mifuko mitano. Kijana wa bodaboda ameshawasha. Daktari anachukua kalamu nene, anaandika tarehe kwenye kifuniko, joto la maji, na idadi ya waliokufa, kisha anasimama na ncha ya kalamu juu ya mstari unaofuata. Maabara inataka mahali na mwenye mali.

"Andika Usenge," anasema Jaduong'.

"Usenge ina vizimba vya watu wangapi?" anauliza mchuuzi. "Unatuandika wote?"

Kijana wa bodaboda anapandisha mafuta mara mbili. Mama wa vizimba anaitazama kalamu, anatazama vizimba kule nje vinavyopandishwa na kushushwa na mawimbi, na kizimba cha jirani yake kando ya namba nne, ambako mtu amesimama na wavu wa mkono, ameinama, anaopoa kitu majini.

"Ngoja," anamwambia Daktari. "Nimuulize yule kwanza, ana wangapi."